Barua kwa mwanangu: mlango ukiufungua, anza na jirani

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, alhamdulillah. Bibi yako anakusalimu na anauliza kama unakula, maana kwenye picha uliyotuma shingo imekuwa nyembamba.

Uliniuliza kwenye simu mambo mawili, nikakwambia nitakujibu kwa maandishi kwa sababu kwa mdomo tungegombana. La kwanza, ukikifungua hicho chumba chako cha Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, kwa siku mbili, watu wakaingia wakakuona unavyochora na wakanunua papo hapo, utakuwa unafanya la maana au unajidhalilisha? La pili, utoze bei gani, ikiwa lile duka la Gizenga linauza kazi zako na kubakisha nusu ya pesa?

Fungua. Na bei ya chumbani isiwe chini ya bei ya dukani hata kwa shilingi.

Nianze na hili la bei kwa kuwa ndilo litakalokuponza. Unafikiri kwa kuwa nyumbani hakuna wa kukukata nusu, basi unaweza kuuza kwa nusu bei, mnunuzi akafurahi na wewe usipoteze kitu. Nimekaa miaka mingi nyuma ya meza ya duka la vinyago na makasha hapo hapo Gizenga, najua habari inavyotembea katika vichochoro vile. Kabla ya Maghrib mwenye duka atakuwa keshaambiwa. Kazi zako atazishusha ukutani, na haki atakuwa nayo. Tena yupo aliyenunua kwake mwezi uliopita kwa bei kamili. Huyo naye atajiona kapigwa, na mtu aliyejiona kapigwa harudi. Tia bei moja. Ile nusu ya duka ndiyo malipo yako ya kufagia, kupika kahawa na kusimama siku nzima.

Bei moja maana yake pia ni moja kwa kila uso. Mambo ya bei ya mzungu na bei ya mwenyeji waachie wauza miwani wa ufukweni. Andika kwenye kikaratasi chini ya kila kazi: jina lake, vipimo, rangi uliyotumia, mwaka, na bei kwa shilingi. Mwenyeji akiona haiwezi, mpe njia ya kulipa kidogo kidogo: atoe arbuni, uandike daftarini, picha ibaki kwako mpaka amalize. Mwalimu wa skuli hawezi kukutolea laki tatu kwa mkupuo. Kwa miezi mitatu ataitoa, na hutakuwa umemkatia hata senti.

Kujidhalilisha je? Hizo picha za chui na ndege zilizojaa kwenye maduka yote ya Mji Mkongwe, unajua zilianzaje. Edward Said Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kule Oyster Bay, Dar es Salaam, akichora kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao bandia na kuviuza nje ya Morogoro Stores, wapita njia wakimtazama. Alikufa mwaka 1972 akiwa bado hajazeeka, na mtindo wake ukabaki na jina lake. Hakuna aliyesema kajidhalilisha kwa kuchora mbele ya watu. Wanaoiga chui wake leo bila kuongeza chochote chao, hao ndio ningewauliza hilo swali. Wewe huchori chui. Unachora wanawake wanaosuka ukili na madau yaliyopandishwa pwani, na hilo peke yake linatosha kumfanya mtu asimame.

Sasa nije kwenye lililonikera. Ile orodha yako ya watu wa kualika nimeisoma yote: hoteli tatu, kampuni ya kutembeza wageni, na marafiki zako wa Ulaya walioko Paje. Jirani hata mmoja hayumo. Mwenye nyumba wa juu hayumo, wala yule mama anayeuza urojo pembeni, wala wazee wa barazani wanaokuona ukipita na turubai begani wakajiuliza unafanya kazi gani. Halafu unaniambia Wazanzibari hawanunui picha.

Nani aliwahi kuwaalika? Ingia nyumba ya zamani yoyote ya Kiswahili, iwe Unguja, Lamu au huku kwetu, utazikuta zidaka ukutani, zile tundu zilizochongwa kwenye chokaa ili ziwekwe sahani za Kichina na vyombo vya thamani. Mlango wenyewe unatiwa nakshi kabla nyumba haijaisha. Leo hii mtu akijenga Mombasa-Kwa-Mchina, hapo hapo Unguja, sebule yake ina aya za Kurani kwenye fremu ya dhahabu, saa kubwa, na maua ya plastiki. Pesa ya ukuta anayo na hamu ya kupamba anayo, ambacho hana ni mtu wa kumwambia, “Karibu uone, hata kama hununui.” Hao ndio uanze nao. Na faida nyingine, ambayo ningeitaja kwa sauti ndogo kama ungekuwa karibu: mgeni akiingia chumbani akakuta wenyeji wamekaa, wanacheka na kubishana juu ya picha, hujiona yuko nyumbani kwa mtu na mkono huenda mfukoni wenyewe. Akikuta wageni wenzake watupu, anajua yuko dukani, na dukani watu huomba kupunguziwa.

Basi fanya hivi. Siku ya kwanza iwe ya jirani na jamaa tu, kuanzia saa tisa alasiri. Kahawa, kashata, basi. Usijitie kupika biriani, hii si harusi. Wapo watakaonung'unika kwamba kuchora viumbe hakufai. Usibishane nao mlangoni. Waoneshe picha za milango na bahari, wape kahawa, na uwaheshimu. Wengine watarudi na watoto wao. Na ile picha ya mama wa urojo, kabla hujaitundika, mwite aione peke yake kwanza. Akikataa uso wake kuuzwa, igeuze ukutani. Ni jirani yako, utamhitaji siku ya maji kukatika.

Siku ya pili wafungulie wote. Usichague Ijumaa, watu wana sala na shughuli zao. Jumamosi ni nzuri. Na futa kabisa habari ya Aprili. Najua ndio mwezi unaopata nafasi, lakini Aprili ni masika: mvua inaingia mpaka ndani ya vichochoro, wageni ni wachache, hoteli nyingine hufunga kabisa, na turubai zako zitashika ukungu kabla hazijapata mnunuzi. Ngoja kusi ivume. Julai na Agosti hewa ni kavu kidogo, mji umejaa, na Tamasha la Nchi za Jahazi, lile la filamu, likiangukia miezi hiyo, watu wake huzunguka mchana wakitafuta cha kuona kabla ya shughuli za usiku Ngome Kongwe. Februari nayo, wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, ingefaa sana, ila tazama kalenda ya Ramadhani, maana miaka hii imesogea maeneo hayo na mwezi mtukufu si wakati wa kuita watu mchana.

Chumba chenyewe kinanitia wasiwasi kidogo. Nyumba za Mji Mkongwe vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali, na ukuta usingeweza kusogea kuliko urefu wa boriti. Picha kubwa ukiitundika kwenye ukuta mrefu, mtu ataitazama pua ikigusa rangi. Kubwa weka kwenye ukuta mfupi wa mwisho, aione tangu mlangoni na aifuate. Ndogo ndizo za kuta za ubavuni. Misumari usipige kabisa. Ukuta ule ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukigonga msumari mmoja plasta inamwagika kama unga, na nyumba yenyewe ni ya wakfu. Funga waya kwenye boriti, ning'iniza kazi kwa waya. Ukitaka kutia kibao nje, waulize kwanza watu wa Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mji ule uko kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2000 na hawapendi vibao vya hovyo. Sheha naye mpelekee habari mapema, kwa adabu, uende mwenyewe.

Mwanga wa dirishani ndio bora, na kwenye kichochoro chako unaanza kupungua baada ya saa kumi na moja. Weka na taa za kuchaji, umeme hauna miadi na mtu.

Usijaze. Nimeona kwenye picha umesimamisha kazi zako zote mpaka chini ya kitanda. Tundika chache zilizokaa vizuri, nyingine zipange nyuma ya pazia, na mtu akipenda mojawapo umtolee mbili tatu za jamii ile. Na tengeneza vidogo: karatasi za ukubwa wa kitabu, zilizochorwa kwa mkono wako. Mwanafunzi anunue, jirani anunue, mgeni mwenye begi moja anunue. Lakini vidogo visiwe ndio vya kwanza kuonekana, viweke karibu na njia ya kutokea. Anayeanza na kidogo humaliza na kidogo.

Mgeni atakuuliza, nitaibebaje kwenye ndege? Jibu uwe nalo mkononi. Nenda Darajani kwa wauza vifaa vya mabomba, nunua bomba la plastiki la inchi nne, wakukatie vipande. Turubai ya akriliki iliyokauka sawasawa inatolewa kwenye fremu yake na kuviringishwa upande wa rangi ukiwa nje, juu yake karatasi ya kuokea mikate, isiwe gazeti, maana wino wa gazeti utahamia kwenye anga lako. Zile za rangi ya mafuta ulizomaliza juzi usiziviringishe. Hazijakauka hata kama kidole kinasema zimekauka. Ziuze kwa watu wa hapa hapa, ambao wataondoka nazo zilivyo.

Mapapasi watakuja. Atakuja kijana mchangamfu na wageni wanne nyuma yake, kisha atakuvuta kando kutaka kamisheni. Amua leo, siku yenyewe utakuwa na haya. Mimi ningempa kahawa kama watu wengine na kumwambia bei zimeandikwa, hapana palipoachwa nafasi yake. Ukimlipa yeye, kesho watakuja kumi, na bei zako zitaanza kupanda ili kuwalisha.

Siku hiyo uwe unachora. Weka turubai ambayo haijaisha, kazi ya kawaida, isiyohitaji akili yako yote, kwa sababu utakatizwa. Mtu akisimama mbele ya picha, mwache. Nyinyi wasanii mna tabia ya kukimbilia kueleza, na maelezo mengi humfanya mtu aone haya kusema anachokiona mwenyewe. Akiuliza, mjibu yale ya kweli na madogo: huyu ni shangazi yangu, hapa ni Mkoani, Pemba, alikuwa anasuka mkeka wa harusi.

Picha ikiuzwa, ibandike alama nyekundu na uiache ukutani mpaka mwisho wa siku. Anayeingia aone kwamba watu wananunua. Kila anayeingia, anunue asinunue, aandike jina na namba yake daftarini, na baada ya wiki mtumie salamu na picha ya ile turubai aliyokuta haijaisha. Biashara kubwa ya siku kama hii mara nyingi huja baadaye: mwenye hoteli aliyepita bila kusema neno, miezi miwili mbele anataka sita za vyumbani.

Jambo moja la sheria nalo nimalize. Mtu akinunua picha, amenunua picha ile. Haki ya kuichapa kwenye fulana na vikombe inabaki kwako, na Zanzibar tuna sheria ya hakimiliki tangu mwaka 2003. Jiandikishe COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, na kwenye risiti andika mstari mmoja kulisema hilo. Yule bwana wa fulana aliyekuwa anakusifu sana mwezi uliopita, risiti yake andika mistari miwili.

Nitumie vipimo na bei ulizofikiria nizitazame kabla hujaandika vikaratasi. Ukishapata tarehe nijulishe nikate tiketi ya boti. Nitakaa mlangoni na daftari na pesa nizishike mimi. Wewe mikono itakuwa na rangi, na kuhesabu chenji hukujua tangu skuli.

Mama yako