Kwenda Kibeho kwa Miguu: Ushauri kwa Anayejiandaa na Hija

Kila inapokaribia Agosti 15, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, wanajumuiya wenzangu huniuliza: kwa nini tutembee na magari yapo? Kweli, siku hizi kuna lami kutoka mji wa Huye, kusini mwa Rwanda, hadi Kibeho, mahali Bikira Maria alipotokea, kilomita kama 30, na ukipanda gari unafika mapema tu. Lakini utashuka ukiwa bado na mawazo ya nyumbani: ada, simu, ugomvi wa juzi. Vilima vya Nyaruguru, wilaya ya Kibeho, vinakuvua hayo yote kimoja baada ya kingine, na hapo ndipo sala inapoanza.

Sisi wa Kagera, Tanzania, tunapitia mpaka wa Rusumo, Kigali, halafu Huye. Lala Huye, uanze safari alfajiri. Saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja, kwa hiyo rekebisha simu yako mpakani, maana huko saa kumi na mbili jioni tayari giza linaingia. Tena magari yao yanapita kulia. Mahujaji watembee kushoto, wakitazamana na magari yanayokuja. Mtu aliyezoea barabara zetu mguu humpeleka kulia bila yeye kujua, na lori linamjia mgongoni. Kiongozi akumbushe hilo kila baada ya mapumziko, hata wakimwona msumbufu.

Vaa raba uliyokwisha kuizoea, na ubebe soksi za akiba. Kisigino kikianza kuunguza, simama hapo hapo ubandike plasta. Usijiambie utapumzika ukifika juu, kwa sababu ukifika juu utaona mlima mwingine. Nguo zako zifunge kwa kitambaa: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008. Agosti ni kiangazi, jua linachoma mchana na usiku ni baridi kweli. Anayekwenda kwa sikukuu ya Novemba 28 ajiandae kwa mvua na utelezi.

Kuhusu mwendo nina msimamo mkali: anayetembea polepole kuliko wote awekwe mbele, nyuma ya mbeba msalaba, na vijana wafuate. Kundi likikatika vipande, vijana wanafika wakiimba na akina mama wazee wanabaki porini wanahangaika na giza. Hiyo siiti hija.

Sasa sala, ambayo ndiyo kiini cha safari yote. Novemba 28, 1981, Alphonsine Mumureke, mwanafunzi wa sekondari ya Kibeho, alitokewa na Bikira Maria akiwa katika bwalo la chakula, naye akajitambulisha kwa jina la Nyina wa Jambo, Mama wa Neno. Baadaye wakafuata Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire Mukangango. Ni hao watatu ambao Askofu Augustin Misago wa Gikongoro aliwathibitisha Juni 29, 2001. Marie Claire ndiye aliyepewa kazi ya kuwarudisha watu kwenye Rozari ya Mateso Saba: Baba Yetu moja na Salamu Maria saba kwa kila teso.

Msiimalize yote Huye asubuhi. Ninyi igawanyeni njia nzima, teso moja kwa kila kipande cha barabara, kisha kimya mpaka mapumziko. Utabiri wa Mzee Simeoni wakati wa kuondoka. Kukimbilia Misri pale jua linapopanda, ndipo utamwelewa mama aliyetembea usiku na mtoto mchanga akikimbia upanga. Teso la nne, Maria anapokutana na Yesu njia ya msalaba, liwekeni kwenye mwinuko mkali kabisa, mkiupanda. Pumzi zitakatika, maneno yatatoka vipande vipande. Salini hivyo hivyo.

Njiani mtakutana na makundi ya Wanyarwanda. Mkianza "Salamu Maria", wao wataitikia kwa Kinyarwanda, nao wakianza "Ndakuramutsa Mariya", itikieni kwa Kiswahili. Mama mmoja alinishika mkono tukapanda kilima namna hiyo, hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, na hatukukosea hata nusu ya sala. Mfunze kila mtu kusema "Mwaramutse" asubuhi, "Mwiriwe" mchana, na "Murakoze" mkipewa maji.

Mkifika, nendeni pia kanisa la parokia. Watutsi waliokimbilia humo waliuawa Aprili 1994, na Marie Claire mwenyewe aliuawa mwaka huo huo. Simu zikae mfukoni, nyimbo zinyamaze. Ujumbe wa Kibeho ulikuwa toba, tena mapema, na mtu asiyesimama mahali pale ataondoka na nusu yake tu. Kadhalika, msiende kutazama jua mkitafuta miujiza.

Ungama siku moja kabla ya sikukuu, mchana, maana asubuhi yake foleni za mapadre ni ndefu na wenye Kiswahili ni wachache. Malazi yatafuteni wiki kadhaa kabla. Mkikosa, wengi hulala nje wamejifunika vitenge, kwa hiyo kila mmoja abebe blanketi, na anayeweza aongeze la pili kwa ajili ya jirani.