OMP au LASSO kwa mwangwi wa kipima kina?

Ndugu mleta uzi, umeuliza kati ya OMP (Orthogonal Matching Pursuit) na LASSO, algoriti mbili za kueleza ishara kwa vipengele vichache, ni ipi inayofaa zaidi kwa mwangwi wa kipima kina, yaani chombo kinachotuma sauti majini na kupokea ile inayorudishwa na samaki na sakafu ya ziwa. Nami nachambua rekodi za namna hiyo kutoka upande wetu wa Mwanza, na ushauri wangu ni kwamba uanze na kamusi, yaani mkusanyiko wa maumbo utakayojengea ishara, kabla hujagusa algoriti.

Kwa mwangwi, kila umbo ni nakala ya mpigo uliotumwa majini, iliyocheleweshwa kwa muda fulani. Katika maji matamu ya nyuzijoto 25, sauti husafiri takriban mita 1,497 kwa sekunde, hivyo miangwi ya mpigo wa nusu milisekunde huanza kupandana pale samaki wawili wanapopishana kina kwa chini ya sentimita 37 hivi. Ukizipanga nakala kila baada ya sentimita 5, zile jirani hufanana kwa kiwango cha 0.87 hivi (1 ni kufanana kabisa) ikiwa mpigo ni wa mstatili. Mwaka 2004 mwanahisabati Joel Tropp alithibitisha sharti linaloihakikishia OMP jibu sahihi pasipo kelele, na kwa ufanano huo sharti lenyewe hutimia kwa umbo moja tu. Zaidi ya hapo OMP huweza kufaulu, ila bila dhamana.

Udhaifu wa OMP unatokana na uchoyo: huchukua umbo linalofanana zaidi na masalio (sehemu ya ishara ambayo bado haijaelezwa), hukokotoa upya ukubwa wa yote yaliyochaguliwa, kisha huendelea bila kuliacha hata moja. Sangara wawili wakikaribiana, huweza kuweka umbo katikati yao, halafu ikaongeza mengine ya kufidia. Samaki wakiwa mbalimbali sioni sababu ya kuikataa, kwa kuwa ni nyepesi na unaisimamisha masalio yanaposhuka kufikia kiwango cha kelele.

LASSO ya mwanatakwimu Robert Tibshirani, ya mwaka 1996, huyapima maumbo yote kwa pamoja na kuyatoza faini kwa jumla ya ukubwa wao, na kwa sangara hao wawili mimi huiamini zaidi. Tatizo ni kwamba faini hiyo hupunguza ukubwa wa kila mwangwi, na ukubwa huo ndio tunaoutumia kukadiria urefu wa samaki. Kwa hiyo iachie LASSO kazi ya kuchagua tu, kisha ukubwa uukokotoe upya kwa mbinu ya miraba midogo zaidi (least squares), bila faini. Kwa utatuzi wa LASSO, algoriti ya haraka iitwayo FISTA, ya mwaka 2009, inatosha.

Kundi zito la dagaa ni jambo jingine kabisa. Miangwi yake ni mingi na imepandana, hivyo dhana ya vipengele vichache haipo tena, na algoriti yoyote kati ya hizi itakupa orodha ya samaki wasiokuwapo. Hapo jumlisha nishati ya mwangwi kwa kila tabaka la kina, na mwangwi wa sakafu ya ziwa uukate kabla ya yote.