Pompe (push-up): kifua kishuke hadi wapi, na viwiko vikae vipi?

Swali: Yaya kocha, jambo. Niko Goma, kazi yangu ni chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ninashusha viazi kutoka Kibumba. Jioni tunapiga pompe na wenzangu kwenye parseli (kiwanja cha nyumbani), na mimi ninafika 50 bila kupumzika. Mmoja wetu anasema kifua lazima kiguse chini. Mwingine anasema kiwiko kikipinda digrii 90 inatosha, ukizidisha unaharibu bega. Sasa bega langu la kuume limeanza kuniuma kwa mbele. Nani anasema kweli?

Jibu: Jambo sana, mdogo wangu. Tuanze na hilo bega, kwa sababu ndilo linalokulisha.

Mwombe mwenzako asimame mbele ya kichwa chako akutazame ukishuka. Kama mikono yako na kiwiliwili vinachora herufi T, nadhani tumeshampata mkosaji. Viwiko vikifunguka kabisa pembeni, uzito mwingi unaangukia sehemu ya mbele ya bega, na bega lako linakuja hapo likiwa limeshachoka na usukani wa chukudu tangu alfajiri. Virudishe viwiko nyuma kidogo, umbo liwe kama ncha ya mshale: digrii 45 hivi kutoka mbavuni. Usivibane kabisa mbavuni, hapo unahamishia kazi nyingi kwenye misuli ya nyuma ya mkono. Viganja viwe vipana kidogo kuliko mabega, usawa wa kifua na si usawa wa shingo. Ukifika chini, mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja usimame wima kama nguzo ya nyumba. Mkono huo ukilala upande wowote, sogeza viganja.

Kuhusu kushuka, mimi niko upande wa yule anayesema kifua kiguse chini. Digrii 90 ni kipimo cha mitihani ya kuhesabu pompe, mahali ambapo mwamuzi anahitaji alama ya kuona kwa macho. Misuli haina mwamuzi. Kule chini ndiko kifua kinaponyooshwa zaidi, tena ndiko mzigo unapokuwa mkubwa: ukiwa juu mikono inabeba karibu 69% ya uzito wako, ukiwa chini karibu 75%. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni kama kilo 48 juu na kilo 52 chini. Ndiyo maana wengi wanageuza njiani. Hizo 50 zako, ukiniambia kwamba 30 zilikuwa nusu, sitashangaa.

Lakini kigusacho kwanza kiwe kifua. Wako wanaochomoa kidevu kama kuku anayedonoa, na wako ambao tumbo linatangulia sakafuni huku kifua kikiwa bado juu. Kaza matako na tumbo kabla ya kushuka, macho yatazame chini mbele kidogo ya vidole, na mwili wote ushuke kama ubao mmoja. Shuka kwa sekunde mbili ukivuta pumzi, tulia kidogo, panda ukiitoa. Usijitupe chini ili sakafu ikurudishe.

Juu nako kuna jambo ambalo karibu wote wanaliacha. Nyoosha viwiko kabisa, kisha endelea kusukuma ardhi mpaka yale mafupa bapa mawili ya nyuma ya mabega yaachane. Ukishuka, yaache yakaribiane yenyewe. Usiyafunge mahali pamoja, mafupa hayo yanapaswa kutembea pamoja na mkono. Bega ambalo mfupa wake wa nyuma hautembei linalazimika kufanya kazi yote peke yake.

Na kama ukishuka hivyo huwezi kupanda? Wewe unajua: mlima ukikushinda na mzigo, unashusha gunia moja. Huachi mzigo katikati ya njia ukasema umefika. Hapa pia punguza uzito, safari ibaki nzima. Weka mikono kwenye ukuta mfupi wa mawe ya parseli, au kwenye ngazi. Kadiri mikono inavyokuwa juu, ndivyo pompe inavyokuwa nyepesi. (Chukudu yenyewe usiitumie, itakukimbia.) Anza na seti tatu za 8 hadi 12, siku tatu kwa wiki, na usimame unapohisi zimebaki mbili kabla ya umbo kuharibika. Ukizipata 12 safi katika seti zote, teremsha mikono ngazi moja.

Vifundo vya mikono pia vina haki yao. Ardhi yetu ya volkano haiko sawa, na kiganja kilichokaa upande juu ya jiwe kinapotosha mkono hadi begani. Tandika ubao ulionyooka. Kama kiganja kilichopinda kinauma, kunja ngumi juu ya kitambaa kinene.

Kwa wiki mbili za kwanza, shuka hadi pale bega linapokaa kimya, hata kama kifua hakijafika, kisha ongeza kidogo kidogo. Uchovu wa misuli kesho yake ni wa kawaida. Maumivu makali ya kuchoma kwa mbele, maumivu yanayokuamsha usiku, vidole kufa ganzi, au mkono kukosa nguvu ya kuinuka: hapo acha pompe na umwone kine (mtaalamu wa tiba ya viungo) au daktari akushike hilo bega kwa mikono yake.