Feni zinazunguka, skrini imelala

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi, niko Morogoro. Tangu Januari nimekuwa nikinunua vifaa kimoja kimoja ili nijiundie kompyuta ya mezani ya kuhariria video za harusi. Nina mazabodi (bodi kuu) ya B450 ya mtumba, prosesa mpya ya Ryzen 5 5600, rami (kumbukumbu ya muda) mbili za GB 8, diski ya SSD na pawa saplai ya wati 550. Kadi ya picha nitanunua Mungu akijalia, nikilipwa kazi ya mwezi ujao. Nimefunga kila kitu mwenyewe. Nikibonyeza swichi, feni zote zinazunguka na taa zinawaka, lakini skrini haioneshi kitu. Waya wa HDMI nimeuchomeka nyuma ya bodi. Mtu wa dukani aliniambia ni pawa saplai, nikanunua nyingine kwa elfu tisini. Hali ni ileile. Sasa anasema bodi imekufa, nitafute nyingine. Nisaidie kabla sijatoa hela tena.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usitoe hata shilingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na sioni dalili ya kitu kilichoungua humo ndani.

Tuanze na prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Ryzen 5 5600 ina nguvu nzuri kwa kazi ya video, ila ndani yake haina sehemu ya kutengeneza picha. Yenye sehemu hiyo ni 5600G. Ni herufi moja tu mwishoni, na wauzaji wengi hawaitamki. Tundu la HDMI la nyuma ya bodi halitengenezi picha, linapitisha tu ile inayotoka kwenye prosesa. Kwa hiyo hata ungebadilisha pawa saplai kumi, tundu hilo lisingetoa kitu. Huenda kompyuta yako inawaka vizuri kabisa, ila haina pa kukuonesha kwamba imewaka.

Fungua ubavu wa kesi, washa, kisha tazama pembeni mwa bodi, mara nyingi karibu na rami. Bodi nyingi zina taa nne ndogo kama punje za mchele, zimeandikwa CPU (prosesa), DRAM (rami), VGA (kadi ya picha) na BOOT (diski ya kuanzia). Bodi hukagua vifaa kimoja baada ya kingine, na inapokwama, taa ya kifaa hicho hubaki imewaka. Ikibaki ya VGA, ni hayo niliyokueleza: inatafuta kadi ya picha na haiioni. Azima kadi yoyote, hata GT 710 ya zamani isiyohitaji waya wake wa umeme, ichomeke, na HDMI uihamishie kwenye kadi yenyewe. Picha itakuja.

Ikibaki ya CPU, kwanza angalia ule waya wa pini 8 unaoingia kwenye kona ya juu ya bodi, jirani na prosesa. Ukisahaulika, feni huzunguka kama kawaida na prosesa haipati chakula. Usichanganye na waya wa kadi ya picha, ambao nao una pini 8 zilizogawanyika 6 na 2. Wa prosesa umegawanyika 4 na 4. Ukiona unalazimisha, umeshika usiohusika.

Waya ukiwa mahali pake na taa ya CPU bado imeng’ang’ania, basi huenda shida ni umri. Bodi za B450 zilitoka mwaka 2018. Prosesa yako imetoka 2022. Bodi ya mtumba ambayo haijawahi kusasishwa bayosi yake (programu ndogo inayoamsha bodi na kutambua vifaa) huenda isiweze kuitambua prosesa iliyozaliwa miaka minne baadaye. Haijafa, haijajulishwa tu.

Dawa ninayoitumia mimi ni kuazima prosesa ya Ryzen 3 2200G. Hiyo ilitoka mapema 2018, bodi za B450 zinaifahamu tangu mwanzo, na ina picha ndani yake. Ukiiweka na skrini ikawaka, umejua mambo mawili kwa mkupuo: bodi ni nzima, na prosesa yako haikuwa na wa kuipokea. Hapohapo pakua bayosi mpya kutoka kwa mtengenezaji wa bodi, ya modeli yako haswa, uiweke kwenye fleshi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32, uisasishe. Fanya kazi hiyo ukiwa na UPS (betri ya akiba), kwa sababu umeme ukikatika katikati ndipo bodi hufa kweli. Baadhi ya bodi zina kitufe cha nyuma kinachosasisha bayosi bila prosesa yoyote, kwa hiyo kitafute kabla hujaanza kuazima.

Sasa nisikilize hapa kwa makini. Mwaka jana kijana mmoja aliniletea Tanga prosesa ya aina hii akiwa ameifunga kwenye kitambaa. Alivuta feni ya prosesa moja kwa moja kwenda juu, ile pasta ya kupitisha joto kati yao ilikuwa imegandamana, na prosesa ikang’oka pamoja na feni ingawa kishikio cha soketi kilikuwa kimefungwa. Chini ya prosesa ya soketi ya AM4, kama yako, kuna pini 1331, nyembamba kuliko sindano. Safu mbili za ukingoni zilikuwa zimelala. Nilichukua penseli ya kubonyeza, nikatoa risasi, nikawa naingiza pini moja moja kwenye kale katundu ka ncha na kuinyanyua taratibu, nainamisha prosesa kwenye mwanga wa dirisha kuona kama mistari imenyooka. Nilianza baada ya adhuhuri, nikamaliza magharibi inakaribia. Zote zilisimama, lakini moja ingekatika kazi ingekuwa imekwisha. Wewe iache kompyuta iwake dakika kumi pasta ilainike, zima, chomoa waya ukutani, kisha zungusha feni kidogo kushoto na kulia mpaka uisikie imeachia, ndipo uinue. Ukirudisha, futa pasta ya zamani yote na uweke tone jipya la ukubwa wa punje ya mbaazi.

Kuhusu ile elfu tisini, imeniuma. Hela ya mwanafunzi anayenunua vifaa kwa kudunduliza haipaswi kutumika kubahatisha. Feni zilipozunguka na zikaendelea kuzunguka, hiyo ilikuwa dalili tosha kwamba umeme unafika, na mwenye mita angepima waya wa njano kwa dakika moja: ikisoma kati ya volti 11.4 na 12.6 huku kompyuta imewashwa, upande huo hauna kesi. Muombe muuzaji aipokee ile pawa saplai uliyonunua. Ukifanikiwa, hiyo hela ianzishie mfuko wa kadi yako.

SWALI: Salaam aleikum fundi. Niko Mombasa, karibu na bahari. Kompyuta niliyojiundia huwaka wiki nzima bila tatizo, kisha asubuhi moja inakataa mpaka nichomoe rami na kuirudisha. Nibadilishe rami?

JIBU: Wa aleikum salaam dada yangu. Bado. Hewa ya chumvi huacha utando kwenye meno ya rami, na ukichomoa na kurudisha unaukwangua kidogo, ndiyo maana inakubali kwa muda. Chomoa waya ukutani, gusa chuma cha kesi, toa rami, usugue meno yake kwa kifutio cheupe cha penseli, kisha uyapanguse kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi. Soketi ipige brashi laini na kavu. Kama una rami mbili na soketi nne, ziweke kwenye ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, uzibonyeze mpaka usikie vishikio vimelia. Tatizo likirudi, tumia rami moja peke yake kwa wiki, kisha nyingine. Itakayokataa ndiyo ya kubadilisha.