Baba hakutoa nafaka (fedha za matumizi ya mtoto), sasa mimi mtu mzima: deni lipo?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Wazee wangu waliachana huku Unguja nikiwa na miaka 2. Mwanzoni mwa 2009 mama alikwenda kwa Kadhi, baba akaamriwa kwa maandishi atoe shilingi 40,000 kila mwezi mpaka nitimize miaka 18. Akatoa miezi 8, akahamia Pemba, kimya. Mama kanilea kwa maandazi ya alfajiri, na kila alichonitumia kakiandika kwenye daftari: viatu, ada ya madrasa, dawa za homa. Nilitimiza miaka 18 mwisho wa 2020, sasa nafanya kazi hotelini. Baba kanitafuta. Goti linamsumbua, anataka nimpelekee laki moja kila mwezi, ingawa ana mikarafuu aliyorithi. Mama anasema, "Usimpe hata senti, mkate deni langu." Nimkate? Au deni limeshakufa?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Mwanangu, deni halijafa, lakini si lako. Ni la mama yako.

Mwenyezi Mungu amemwekea baba chakula na nguo za mama anayemnyonyesha mtoto wake katika Suratul Baqara, aya ya 233, wanavyuoni wakachukua humo nafaka ya mtoto mwenyewe, na kuachana na mke hakumtoi humo. Ila katika madhehebu yetu ya Shafi, nafaka ya mtoto haiendi kama ya mke. Ya mke ikipita bila kulipwa huwa deni shingoni mwa mume. Ya mtoto imewekwa kuziba haja ya siku ile. Siku ikipita hakuna tena cha kudai, baba anabaki na dhambi yake. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi, akatoa hali mbili ambamo huwa deni: kadhi awe ameipanga, au ameruhusu kukopwa kwa kuwa baba hayupo au amekataa kutoa. Waliousherehesha Minhaj wamevutana kama kupanga peke yake kunatosha. Hapa sioni haja ya kuingia kwenye mvutano huo, maana hukumu ya kadhi huondoa khilafu (tofauti za wanavyuoni), na mama yako anayo ya maandishi.

Basi miaka ile ya kabla ya 2009 hana dai kwa baba yako. Hiyo baba ataulizwa na Mola wake. Kuanzia hukumu mpaka mwisho wa 2020 ni miezi 144. Toa 8 aliyolipa, inabaki 136, kwa 40,000 ni shilingi 5,440,000. Hiyo ndiyo hesabu, haiongezwi kitu. Najua shilingi 40,000 ya 2009 ilinunua unga ambao leo haiununui, na Bi Mkubwa atasema kaonewa mara mbili. Lakini tukianza kuzidisha deni kwa sababu ya miaka, tumeingia kwenye riba.

Na daftari lake alitunze. Halibadilishi kiwango alichopanga Kadhi, hata likionyesha alitumia mara tatu yake. Kazi yake ni kuonyesha kwamba aligharimu huku akihesabu, hakuwa anatoa sadaka kwa niaba ya baba yako.

Sasa hilo la kumkata. Huwezi kuzuia haki ya baba kwa deni ambalo mdai wake ni mwingine. Mama akitaka, akuweke wakili wake uende ukamdai. Hapo utakuwa unadai kwa niaba yake. Lakini chakula cha mzee mwenye shida hakifanywi rehani. Suratu Luqman, aya ya 15, inamtaka mtoto akae kwa wema hata na wazazi wanaomshurutisha ushirikina. Baba aliyekutelekeza amekosa sana, ila hajafika huko.

Lakini je, ni mwenye shida? Mimi ningeanzia kwenye mikarafuu. Kama mavuno yanamtosha kula, kuvaa na kutibu goti, huna wajibu wa nafaka juu yake. Utakachompa ni hisani yako, hata kama ni kilo mbili za sukari. Kama hayamtoshi, ni wajibu wako kuziba pengo, kutoka kwenye kinachobaki baada ya wewe na wanaokutegemea kula. Hiyo laki moja kaitaja yeye, sheria haikuitaja. Na mshahara ukiwa unamtosha mmoja tu kati ya wazazi wako, mama yako ndiye wa kwanza.

Kuhusu kulilipa, mama anaweza kurudi kwa Kadhi na hukumu yake. Mimi napenda zaidi wakae na wazee wawili wa pande zote, kiasi kiandikwe, baba atie saini, alipe kila msimu wa karafuu. Ikithibiti hana kitu kabisa, Baqara aya ya 280 inataka asubiriwe mpaka apate. Kusamehe ni kwa mama peke yake, kwa ridhaa yake. Wasije watu wakambana mbele ya shughuli mpaka aone haya akasema "nimesamehe".

Na baba akifa kabla hajamaliza, deni hutoka kwanza kwenye ile mikarafuu, ndipo warithi mgawane. Wewe ni mmoja wao, kwa hiyo nakala ya hayo maandishi kaa nayo wewe.

Wallahu aalam.