Mkuu, usilipie huo unga kabla hujaona picha ya chembe zake

Mkuu, shika hela yako kwanza. Unataka kutengeneza opali bandia, yaani kitu kinachong'aa rangi kama jiwe la opali kwa sababu tufe ndogo sana za silika zimejipanga kwa safu, kwa mradi wa mwaka wa mwisho, umepata nanosilika (unga wa silika wenye chembe ndogo mno) ya bei chee, na unauliza oveni iwe nyuzi ngapi na utumie maji au ethanoli. Tuanze na huo unga.

Mimi niliuziwa huo huo. Muuzaji aliapa kwamba lebo inasema nanomita 20 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), basi chembe zikikauka zitajipanga zenyewe. Nusu ya bajeti ya utafiti ikaishia hapo. Chini ya hadubini ya elektroni sikuona tufe hata moja lililosimama peke yake, ni vishada vyenye matawi tu, kila kimoja na umbo lake. Hiyo ni silika ya kuchomwa kwenye mwali wa moto. Chembe zake zimeungana kwa joto tangu kiwandani, na mashine ya mawimbi ya sauti haizirudishi kuwa tufe moja moja. Ni nzuri kwa kufanya rangi ya ukuta iwe nzito. Kumuuzia mwanafunzi aliyekueleza wazi kwamba anataka opali ni dhuluma, na bado inaniuma.

Kujipanga kwenyewe kunataka tufe zilingane ukubwa. Maji yakipungua, tufe zinabanana, na zikizidi kubanana mpangilio wa safu ndio unaoipa kila moja nafasi ya kutikisika. Kwa tufe ngumu zinazolingana hilo huanza zikijaza karibu asilimia 49 ya ujazo. Panga machungwa sokoni, kisha chomeka tikiti katikati: safu zote za juu zinapotea. Tofauti ya ukubwa ikipita asilimia 10 hivi, usitegemee fuwele, yaani huo mpangilio wa safu. Lenga chini ya 5.

Tufe hizo utazipata kwa njia ya Stöber ya mwaka 1968: ethanoli, maji, amonia na tetraethili othosilikati, kimiminika kinachotoa silika yenyewe. Zikitoka na kipenyo cha nanomita 250 hivi, opali itang'aa kijani, karibu na 200, buluu, 300, nyekundu. Zikichanganyika utabaki na weupe kama chaki.

Kwa hiyo picha ya hadubini kwanza, upime vipenyo vya chembe mia mbili tatu, ndipo ukaushe. Muuzaji akikataa kukupa sampuli ya kupima, achana naye. Akikupa, weka picha hapa tuitazame.