Anza na dadako, si wewe wala watoto

Dada wa Kisauni, hebu simama hapo hapo. Umesema mama yenu alifariki kwa presha ya mishipa ya mapafu, sasa dadako naye amelazwa na oksijeni puani, na wataka kupima jeni zako na za wanao wawili kwanza kwa kuwa yeye "ameshajulikana". Halafu ukauliza bei, na kama India ni bora. Ya bei yaache. Huko kumruka mgonjwa ndiko kulikotumaliza sisi.

Dadangu mkubwa alianza kushindwa na ule mlima wa kutoka feri ya Likoni. Watu watupita, yeye kashika chuma cha ukingo, midomo imegeuka rangi, kandambili zimemchora miguu kwa uvimbe. Ugonjwa huo huo ulipothibitishwa kwa mrija wa kupima presha hadi ndani ya moyo, daktari akasema huenda ni wa kurithi. Nikamwendea wakala mmoja wa kuchukua damu na kuipeleka maabara za nje. Akaniambia, "Dadako usimsumbue, nyinyi ni tumbo moja, damu yako yatosha." Nikatoa pesa za kiwanja. Jibu likaja: BMPR2, ile jeni ambayo ikiharibika ndiyo huleta sana ugonjwa huu kwenye koo, haina kasoro. Tukachinja mbuzi.

Jibu lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa langu! Mzazi mwenye kasoro hiyo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Mimi ilinipita, dadangu ikampata. Sisi tukasoma karatasi yangu tukasema ugonjwa wake si wa ukoo. Binti yake alipoanza kuhema ngazini tukasema pumu, maana karatasi tunayo. Miaka miwili ya pampu ya pumu. Alipofanyiwa eko, ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, upande wa kulia wa moyo ulikuwa umeshatanuka, na mamake tumeshamzika bila kuhifadhi hata tone la damu yake. Ikabidi kupima damu ya mpwa wangu mwenyewe, na kasoro ikaonekana wazi.

Nikimkumbuka yule wakala mwili wanitetemeka. Hakuuliza hata mara moja nani kwetu aliugua, nani alikufa na umri gani. Asiyeuliza hayo usimpe mkono akutoboe.

Damu ya kwanza iwe ya mgonjwa. Kasoro ikipatikana kwake, nyinyi mtapimwa pale pale ilipo kwenye jeni, na mkiambiwa hamna, basi hamna. Mdogo wake mpwa wangu alipimwa hivyo, hana, na mamangu akalala usiku mzima kwa mara ya kwanza. Na mwenye nayo si lazima augue: huugua kama 14% ya wanaume na 42% ya wanawake, kwa hiyo hufuatiliwa kwa eko. Isipopatikana kwa dadako msishangilie, maana karibu robo ya koo zenye ugonjwa huu hazina kasoro ya BMPR2. Kama wazazi wenu ni binamu, kama wengi wetu huku, mtajie daktari jeni nyingine, EIF2AK4. Kasoro ya hiyo hurithiwa kutoka pande zote mbili, huziba vijishipa vya kurudisha damu moyoni, na dawa za kutanua mishipa zaweza kumjaza mgonjwa maji mapafuni.

Kesho ukiingia wodini, kabla hujafungua chupa ya uji, muone daktari wake wa moyo. Mwombe kichupa kimoja cha damu ya dadako, kile cha kifuniko cha zambarau, na maabara itoe DNA iiweke. Pesa za kipimo mtazitafuta baadaye.